Mtu Akaaye Peke Yake na Afya Yake

Kuna wagonjwa wanaofika hospitalini wakiwa wamechelewa sana, na si kwa sababu nyumba yao iko mbali. Wengine wanakaa karibu kabisa. Wamechelewa kwa sababu wanakaa peke yao. Siku ya kwanza homa iliwashika, wala hapakuwa mtu wa kuwaambia, «Macho yako si mazuri leo.» Siku ya pili hawakupika. Siku ya tatu hawakuweza kusimama kufungua mlango, na jirani alifikiri ya kwamba wamesafiri.

Malaria inayomshika mtu wa peke yake ni malaria ile ile inayowashika watu wa nyumba yenye watoto kumi. Tofauti ni hii tu: hana macho ya mtu mwingine juu yake. Basi inamfaa apange maisha yake ya kila siku, chakula chake, kazi zake za nyumbani na matembezi yake, hata watu wengine wamwone, naye ajione mwenyewe.

Zamani katika vijiji vyetu mtu wa namna hii alikuwa haba. Leo wako wengi. Yuko mjane ambaye watoto wake wamekwenda kutafuta kazi Kisangani ao Kampala. Yuko mwalimu aliyetumwa kufundisha mbali na kwao, na kijana mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja mjini Bukavu ao Bunia. Yuko baba mzee aliyefiwa na mke. Wako tena wengi ambao vita viliwatenganisha na jamaa zao.

Kwanza tuondoe neno moja baya. Mahali pengine watu husema, «Mama yule anakaa peke yake, macho yake ni mekundu, ni mlozi.» Ndugu, macho mekundu ya mama mzee yatoka kwa moshi. Amepika miaka hamsini juu ya mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dirisha, na moshi umeunguza macho yake kama ulivyokausha kuta. Moshi huo huo ndio unaomletea kikohozi kisichokwisha. Neno hili si dogo. Mama anayeogopa kusemwa hivi hatoki nje, haombi maji kwa jirani, haendi kwa mganga, naye hufa kwa ugonjwa ambao ungepona. Anayeeneza maneno ya namna hii anamfungia mlango mtu huyo kwa ufunguo.

*Chungu cha mtu mmoja*

Ugonjwa wa kwanza wa mtu wa peke yake huanzia jikoni. Tufikiri juu ya baba mmoja aliyefiwa na mke. Tangu utoto hakushika mwiko, maana aliambiwa ya kwamba jiko ni la wanawake. Sasa asubuhi anakunywa chai yenye sukari nyingi pamoja na mkate. Mchana anakula muhogo mkavu na karanga kidogo. Jioni anasema, «Niwashe moto kwa mtu mmoja? Ni kuharibu makala.» Analala bila chakula, ao ananunua mandazi njiani. Baada ya miezi mitatu suruali yake inamlegea, kidonda kidogo cha mguu hakiponi, naye anadhani ya kwamba ni huzuni tu. Huzuni iko, lakini njaa nayo iko, tena njaa ya namna yake: tumbo linajaa, mwili unakosa vitu vya kuujenga.

Baba, jifunze kupika. Si haya. Kwa mtu mmoja inatosha kupika kweli mara moja kwa siku. Jioni loweka kikombe kimoja cha maharagwe. Asubuhi utaona yamevimba, nayo yataiva kwa makala kidogo. Kama uko kando ya ziwa Kivu, nunua sambaza. (Samaki hawa wadogo hawakuwamo Kivu zamani, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika katika miaka ya 1958 hadi 1960, na leo hatuwezi kufikiri soko la Bukavu bila wao.) Sambaza huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo ni chakula cha mifupa yetu. Konzi mbili za sambaza, sombe ao lengalenga, kijiko cha mafuta ya mawese, na ugali: hiki ni chakula kamili, wala hakiombi fedha nyingi kupita mkate na sukari ya juma zima.

Juu ya mabaki inafaa tuseme wazi, maana hapa watu wa peke yao hukosea sana. Wanapika chungu kikubwa siku ya kwanza, wanakila siku tatu. Pasipo friji, chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa hivyo. Wadudu wadogo wasioonekana huongezeka ndani yake kabla hakijaanza kunuka. Pika kinachotosha mchana na jioni. Funika cha jioni vizuri, na kabla ya kula ukichemshe mpaka kitokote kote, si juu juu. Cha kesho kipike kesho. Wali uliolala usiule, hata ukiuchemsha tena, kwa sababu sumu inayoweza kuingia ndani yake haiondolewi na moto. Ukiwa umepika kupita kiasi, mwite mtoto wa jirani ale nawe siku ile ile. Utapata faida mbili.

Tena kuna muhogo mchungu. Mtu wa peke yake ana haraka, ao amechoka, naye analoweka muhogo usiku mmoja tu badala ya siku tatu ao nne. Muhogo huo una sumu, na maji ndiyo yanayoitoa, polepole. Katika nchi ya Kwango, mganga Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa unaoitwa konzo. Ni neno la Wayaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu anaamka, na miguu yake imekakamaa, wala haitarudi kuwa kama zamani. Leo tunajua ya kwamba konzo hushika hasa watu wanaokula muhogo usiolowekwa vema, siku nyingi, bila samaki, maharagwe ao nyama. Watoto na mama walio katika umri wa kuzaa ndio wanaoshikwa zaidi. Imeonekana Kwango, imeonekana Kivu ya Kusini pia. Kama unanunua unga sokoni na hujui umelowekwa namna gani, tumia njia hii iliyofundishwa katika vijiji vya Kwango tangu mwaka 2010 na baadaye. Changanya unga na maji mpaka ulowe wote, utandaze mwembamba juu ya sinia ao mkeka safi, uuache saa mbili juani ao saa tano kivulini. Hewa mbaya inatoka yenyewe. Kisha songa ugali siku ile ile.

*Mbabula usiku*

Katika milima yetu usiku wa mvua ni baridi. Mtu aliye peke yake hana wa kumpa joto, basi anaingiza mbabula chumbani, anafunga dirisha, anaziba nafasi ya chini ya mlango kwa nguo, analala. Wengine hawaamki.

Makala yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu husema, «Makala yangu hayana moshi tena, ni mekundu mazuri.» Hapo pia sumu iko. Kufunika kwa majivu hakuiondoi. Sumu hii huingia katika damu na kukaa mahali pa hewa nzuri. Mtu anaumwa kichwa, anataka kutapika, kisha miguu yake inakuwa dhaifu, hata akitambua hatari hawezi kuufikia mlango. Katika nyumba yenye watu wengi labda mmoja anaamka na kupiga kelele. Wewe nani atakuamsha? Mbabula ibaki nje, ao chini ya baraza iliyo wazi. Vaa soksi na sweta, ongeza blanketi, jaza chupa maji ya moto uifunge sana na kuiweka miguuni ndani ya nguo. Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye makala, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwanza, kisha mpeleke hospitalini upesi, hata kama ameanza kusema.

Watu wa Goma wanajua jambo linalofanana na hilo, yaani mazuku: hewa nzito itokayo ardhini na kukaa katika mashimo na mabonde madogo. Asubuhi mapema, kabla ya upepo, usishuke peke yako katika mahali pa chini palipojulikana kwa mazuku, hata kama mbuzi wako ameingia humo.

*Kazi za nyumbani*

Nyumba ya mtu mmoja huharibika upesi kwa sababu hakuna wa kulalamika. Chandarua kinapasuka, naye anasema atakishona kesho. Lakini kazi hizi ndogo ni dawa kweli. Mikono inayofanya kazi huamsha hamu ya kula, na usiku usingizi unakuja. Tunapendelea kazi inayoonekana mwisho wake, si kazi kubwa inayobaki nusu mwaka mzima.

Anza na chandarua, ile mustikere yako. Kitazame juani utaona matundu. Yashone yote kwa uzi wa kawaida. Kikichafuka ukifue polepole kwa sabuni, ukianike kivulini, maana jua kali huharibu dawa iliyo ndani ya nyuzi. Kikipita miaka mitatu, uliza kituo cha afya kama unaweza kupata kingine.

Kisha tengeneza mahali pa kunawa karibu na choo. Twaa bidoni dogo la lita tano, litoboe tundu dogo karibu na juu, ulitundike kwa kijiti kati ya nguzo mbili, ufunge kamba shingoni na kijiti kingine chini cha kukanyaga. Ukikanyaga, maji yanatoka kidogo kidogo, wala mkono mchafu haushiki kitu. Ni kazi ya saa moja. Watoto wa jirani watakuja kuikanyaga siku nzima, uwaache.

Bustani ndiyo kazi tunayoisifu kupita zote. Huhitaji shamba. Lengalenga iliyopandwa leo utaanza kuichuma baada ya majuma matatu ao manne. Huko Goma, mahali ambapo mawe ya moto ya Nyiragongo yalifunika sehemu ya mji mwaka 2002, watu hujaza udongo na mbolea ndani ya gunia, wanatoboa matundu pembeni, na kila tundu linaota mboga. Gunia moja mlangoni linatosha mtu mmoja. Tena mtu mwenye bustani analazimika kutoka nje kila asubuhi, na yeye atokaye nje huonekana na wapitao.

Lakini kuna kazi ambazo mtu wa peke yake asizifanye pasipo mwenzake. Usipande juu ya paa kupigilia bati kama hakuna mtu chini. Tunajua ya kwamba mvua inavuja juu ya kitanda, na wewe umechoka kumngoja fundi. Sogeza kitanda, weka ndobo, ungoje. Mzee aliyevunjika nyonga, akilala chini tangu asubuhi mpaka kesho yake, hapati shida ya mfupa tu: anapata baridi, kiu, na vidonda vya kulalia. Usishuke pia ndani ya shimo la choo ao kisima cha zamani. Hewa ya chini inaweza kuwa mbaya, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa wa kwanza anakufa naye. Na panga usiku, baada ya kunywa, tusiseme zaidi.

Kwa habari ya kunywa: jioni ni ndefu kwa mtu asiye na wa kuongea naye, na kanyanga ni rahisi. Kikombe kinamlaza, lakini katikati ya usiku anaamka moyo ukienda mbio, wala hapati usingizi tena. Kesho yake anaongeza kikombe. Pombe hupandisha damu, huharibu ini, na mtu aliyekunywa hapiki. Akiwa na watu nyumbani, mmoja angemzuia. Yeye inafaa ajizuie kwa njia ya hekima: asiweke chupa ndani ya nyumba.

*Kutoka nje*

Shirika la Afya la Dunia, tunaloliita OMS, lilianzisha mwaka 2023 tume ya kuchunguza upweke, na mwaka 2025 tume hiyo ilitoa taarifa yake. Ilisema ya kwamba mtu mmoja katika kila watu sita duniani anateswa na upweke, tena upweke huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo, kupooza, na kufa mapema. Wengi walidhani ya kwamba jambo hili ni la wazungu katika nyumba zao ndefu. Lakini kukaa peke yako na kuwa mpweke si kitu kimoja. Kuna mama anayelala peke yake na kila siku anasalimiwa na watu thelathini. Kuna baba mwenye watu kumi nyumbani na hakuna anayemwuliza habari yake.

Toka kila siku. Ukitembea kwa miguu nusu saa, siku tano kwa juma, hata unapumua kwa nguvu kidogo, umefikia kipimo ambacho OMS inakishauri kwa mtu mzima. Kwenda sokoni na kurudi kunahesabiwa. Afadhali ununue kidogo kila siku mbili kuliko kujaza gunia mara moja kwa mwezi. Muuza mboga atajifunza uso wako, na usipokuja atauliza. Mwimbaji wa kwaya aliyezeeka asiache mazoezi kwa sababu sauti yake inatetemeka. Na ninyi mashemasi, msimtembelee mjane siku ya matanga tu. Mwezi wa tatu ndipo wageni wamekwisha na nyumba inanyamaza; nendeni wakati huo, tena msimwombe awapikie.

Mara moja kila mwezi matembezi yako yapite kwenye kituo cha afya kupima damu. Damu iliyopanda haiumi. Mtu anahisi vizuri mpaka siku ile mshipa wa kichwa unapopasuka ao kuziba. Mwuguzi akikuambia 14 juu ya 9 ao zaidi, na akipima siku nyingine akaona vile vile, umfuate katika maneno yake. Chumvi ya siku nzima isipite kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya samaki wa chumvi na ya vidonge vya mchuzi. Dawa ukipewa, uimeze kila siku, hata unapojisikia mzima, maana unajisikia mzima kwa sababu ya dawa. Mtu wa peke yake husahau: «Nimemeza ao sijameza?» Chora alama ya makala ukutani kila ukimaliza kumeza, mstari mmoja kwa siku moja. Watoto wako wakija kukutembelea wataona upesi kama mistari imekatika.

Kama tangu majuma mawili ao zaidi hutaki kutoka, chakula hakina ladha, usiku hulali, na vitu ulivyovipenda huvitaki tena, usiseme ni uzee. Ni ugonjwa, nao una matunzo. Mwambie mwuguzi maneno hayo hayo kama yalivyo. Na kama mawazo ya kufa yanakujia, nenda leo hii kwa mtu, ulale kwake.

*Alama ya asubuhi*

Chagua jirani mmoja unayemwamini, mpatane alama. Iwe kitu kidogo usichoweza kukisahau: kila asubuhi unafungua dirisha la mbele, ao unatundika kitambaa juu ya kamba, na jioni unakiondoa. Jirani akipita na kuona dirisha limefungwa wakati jua limekwisha kupanda, anabisha. Asipojibiwa, anaingia. Kwa hiyo ampe mtu huyo ufunguo wa pili, maana mlango wenye komeo la chuma umewaua watu waliokuwa bado na uhai ndani. Wengine wanaogopa wezi; basi ufunguo ukae kwa mtu mmoja tu, si kwa watatu. Ukisafiri, umwambie, ama sivyo utakuta mlango wako umevunjwa na kijiji kizima kimekusanyika.

Simu ni nzuri, lakini simu huzimika. Mtoto aliye mbali na apige siku zilizojulikana, tuseme jumatano na jumapili jioni, naye awe na namba ya jirani yule.

Bandika nyuma ya mlango karatasi yenye majina ya dawa zako, ugonjwa wako, na mtu wa kuitwa. Mgonjwa akiletwa amezimia, mganga hujua mengi kwa karatasi hiyo moja.

Homa ikikushika, umwambie jirani siku ile ile, kabla ya kulala. Usingoje usiku wa pili. Nenda ukapimwe damu, na kama ni malaria umeze dawa mpaka ya mwisho. Klorokini ya zamani uliyoificha ndani ya sanduku uitupe, haiwezi tena malaria yetu. Ukitapika kila kitu, ukishindwa kusimama, mkojo ukiwa mweusi kama chai kali, ao jirani akisema unaongea maneno yasiyofuatana, kitanda chako usiku huo kiwe cha hospitali.

Nawe jirani, ukiingia na kumkuta mzee mdomo wake umepinda upande mmoja, mkono mmoja haupandi, ao maneno yanamshinda, usimpe maji wala dawa wala chakula, maana vinaweza kuingia katika mapafu. Mlaze kwa ubavu. Tazama alama ya makala ukutani, soma karatasi ya nyuma ya mlango, uichukue mkononi, na tafuta pikipiki ao gari saa ile ile. Kama ni pikipiki, mtu wa pili akae nyuma yake amshike.